Pa Kulala Kwanza, Njia Baadaye: Mwongozo Kamili wa Malazi kwa Safari za Siku Kadhaa kwa Miguu Nyanda za Juu Kusini

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hahitaji kusumbuka sana na swali la pa kulala. Vibanda vya Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo kwenye mita 3,700 na Kibo kwenye mita 4,700 vimepangwa kwa namna ambayo kila siku ya kutembea inaishia mlangoni pa kibanda, na anayepanda Meru hukuta utaratibu kama huo Miriakamba na Saddle. Nyanda za Juu Kusini hazina mlolongo wa aina hiyo. Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi, Mtorwi unaolingana nao kwa urefu, uwanda wa Kitulo, safu ya Uporoto na milima ya Livingstone inayoinuka juu ya Ziwa Nyasa, yote inapandika, na yote humwachia msafiri kazi ya kujitafutia kitanda. Safari nyingi za huku huharibikia saa moja jioni, watu wakiwa wamelowa, giza limeingia, na hakuna anayejua kwa hakika usiku huo utalaliwa wapi.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na usiku. Chagua kwanza mahali pa kulala, hakikisha kwamba patakuwa wazi na kwamba wenyewe wanajua unakuja, kisha chora njia inayounganisha malazi hayo. Anayeanza na kilele, akasema malazi yataonekana hukohuko, anaweza kubahatika katika miezi ya ukame, lakini Februari atajuta.

Hatua ya kwanza: Orodhesha malazi yaliyopo

Huku kwetu kuna aina tano za malazi, na safari nzuri huchanganya mbili au tatu. Ya kwanza ni gesti za miji midogo kama Tukuyu, Matamba, Makete na Kilolo, ambazo ni za bei nafuu na hazihitaji maelezo marefu. Ya pili ni nyumba za wageni za makanisa. Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, Walutheri wakajenga vituo vyao Ukinga na kwenye ufuo wa ziwa, na hadi leo maeneo yenye misheni ya zamani mara nyingi huwa na vyumba safi, maji na mtu wa kumuuliza habari za njia. Ya tatu ni banda, hosteli au kambi rasmi ndani ya hifadhi. Ya nne ni nyumba ya mwenyeji kijijini, na ya tano ni hema lako mwenyewe.

Kwa kila usiku wa safari yako andika jina la mahali, jina la mtu uliyezungumza naye, namba yake ya simu, na jibu lake kwa maswali manne: je, pana vitanda au ni chumba kitupu, je, mablanketi yapo na ni mangapi kwa kila kitanda, je, maji ya kunywa yanapatikana wapi, na nani anashika ufunguo. Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini banda la hifadhi linaweza kuwa zima kabisa na mlango wake ukawa na kufuli ambalo ufunguo wake uko ofisini, umbali wa nusu siku ya kutembea. Kama mtu wa ofisini atakwambia kwamba banda linafanyiwa ukarabati, usimbembeleze, panga hema.

Baada ya hapo pima umbali. Mtu mwenye mzigo mgongoni katika milima yetu, penye majani marefu na matope, hutembea kilomita tatu hivi kwa saa, na kila mita 500 za kupanda humwongezea saa moja. Njia ya kilomita 12 yenye mpando wa mita 1,000 itakula saa sita za kutembea, na ukiongeza mapumziko, picha na kuvuka mito, hesabu saa nane. Hiyo ina maana kwamba ukitoka saa moja asubuhi utafika saa tisa alasiri, na huo ndio wakati mzuri wa kufika. Jua la Mbeya huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na ushee jioni kutegemea mwezi, lakini ukungu hauulizi jua; alasiri nyingi hufunika vilele na mabonde kiasi cha kutomwona mwenzako aliye hatua chache mbele. Jiwekee saa kumi kuwa mwisho wa kutembea. Njia ikionyesha kwamba utapitiliza saa hiyo, igawe mara mbili au ibadilishe.

Hatua ya pili: Chagua majira

Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miteremko ya Rungwe inayotazama ziwa huendelea kupata mvua hata Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe: anga safi, njia kavu, na baridi kali. Usiku wa Julai Kitulo, Makete na Uporoto majani hupata umande ulioganda, na maji yaliyoachwa kwenye sufuria nje hufanya utando wa barafu.

Hapo kuna mgongano ambao kila msafiri lazima auamue mwenyewe. Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, hupendeza hasa kati ya Desemba na Aprili, maua ya okidi yanapochanua, na hiyo ndiyo miezi ambayo njia huteleza, mito hujaa na hema halikauki. Ukienda Julai utalala vizuri na utaona nyasi za rangi ya dhahabu. Ukienda Februari utaona maua, lakini panga kulala chini ya paa la bati kila inapowezekana na uache hema liwe akiba. Kwangu mimi, anayekwenda kwa mara ya kwanza aende Septemba au Oktoba, baridi ikiwa imepungua na mvua hazijaanza. Maua atayafuata mwaka mwingine akiwa ameshaijua njia.

Hatua ya tatu: Vibali na malipo

Jua uko kwenye ardhi ya nani. Kitulo na Udzungwa ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA; Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe na misitu mingine ya serikali, ikiwamo ule unaozunguka Ziwa Ngozi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Malipo ya pande zote mbili hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, kwa hiyo usifike getini na noti mkononi ukidhani zitapokelewa. Omba namba hiyo ukiwa bado mjini, penye mtandao, lipa, na hifadhi risiti kwenye simu pamoja na nakala ya karatasi. Hakikisha ankara inataja kulala pamoja na kuingia, kwa kuwa ada ya kuingia ni moja, ya kulala ni nyingine, na ya kuongozwa na askari wa hifadhi ni nyingine tena.

Udzungwa haina mjadala kuhusu askari: kuna tembo na nyati, na safari za kulala msituni hufanyika pamoja na askari mwenye silaha. Njia ya kilele cha Mwanihana, ambayo huchukua siku tatu na kulala mara mbili kambini, ni mfano mzuri wa safari iliyokwisha kupangiwa malazi yake, na kwa anayetoka Iringa ni vema kuuliza mapema kama ataingilia Mang'ula, upande wa Kilombero, au geti la upande wa Iringa, kwa kuwa njia za kila upande ni tofauti.

Nje ya hifadhi, ukipita vijijini, ofisi yako ya kwanza ni ya mtendaji wa kijiji au, kama amekwenda kikaoni, nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jitambulishe, taja unakotoka na unakokwenda, onyesha kitambulisho, saini daftari la wageni. Dakika kumi hizo hukupa mambo mawili: mtu anayejua kwamba uko milimani, na ruhusa ya kuomba malazi bila kutiliwa shaka.

Hatua ya nne: Mfano wa njia, kutoka Matamba hadi Matema

Njia hii naipenda kuliko nyingine kwa sababu inaonyesha aina karibu zote za malazi katika safari moja. Siku ya kwanza panda gari kutoka Mbeya hadi Chimala, kisha barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina hilo kwa wingi wa kona zake, hadi Matamba. Fika kabla ya saa tisa ili uikute ofisi ya hifadhi ikiwa wazi, ukamilishe malipo na upange siku ya kuondoka na kiongozi wa njia. Lala gesti. Nunua hapo viazi na mayai, kwa sababu ni rahisi na ni vibichi kuliko vya mjini.

Siku ya pili ingia uwandani, kwenye mita 2,600 hivi. Mwili wa mtu aliyetoka Dar es Salaam juzi utahisi tofauti: pumzi fupi, kichwa kizito kidogo, usingizi wa mang'amung'amu. Ugonjwa mkali wa mwinuko si wa kawaida kwenye kimo hiki, lakini kunywa maji, tembea polepole na usilazimishe kilele cha Mtorwi siku hiyohiyo. Lala kwenye banda au kambi ambayo ofisi imekuelekeza.

Siku ya tatu vuka uwanda na ushuke kuelekea upande wa Bulongwa. Hapa hifadhi inaisha na vijiji vinaanza, kwa hiyo malazi ni nyumba ya wageni au ya mwenyeji. Kama kundi lako lina watoto au watu wasio na mazoezi, ongeza usiku mmoja katikati, na ukubali kwamba gari linaweza kuwabeba sehemu fulani bila safari kupoteza heshima yake.

Siku ya nne ni mteremko wa milima ya Livingstone hadi Matema. Watu huidharau siku hii kwa kuwa ni ya kushuka, na magoti yao huwajibu. Ziwa Nyasa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500. Kutoka uwandani hadi ufuoni unapoteza zaidi ya mita 2,000 za kimo, na nyingi kati ya hizo unazipoteza siku hii ya mwisho. Kata fimbo mbili za mianzi ukiwa bado kijijini, kwa ruhusa ya mwenye shamba, funga viatu vizuri ili vidole visigonge mbele, na tumia kiongozi anayetoka palepale kwa kuwa vijia vya mashambani huachana kila baada ya hatua chache. Jambo jingine ambalo wengi hawaliandalii: asubuhi umeamka kwenye baridi kali, usiku unalala penye joto na mbu. Matema ina malaria. Chandarua chepesi na dawa ya kupaka viwe ndani ya begi tangu Mbeya, hata kama siku tatu za mwanzo utaviona vya kipuuzi.

Hatua ya tano: Mzigo wa kulalia

Huhitaji duka la vifaa vya kupandia milima. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lina mitumba ya makoti mazito, sweta za sufi, suruali za mvua na mara nyingine mabegi ya kulalia ambayo mjini Ulaya yangeuzwa ghali. Begi la kulalia likague zipu yake yote, lipulize kuona kama manyoya yanatoka, na uliangalie kwenye mwanga wa jua. Usipolipata, mablanketi mawili mazito yaliyoshonwa pande tatu yatafanya kazi, ingawa ni mazito kubeba.

Chini ya mwili ni muhimu kuliko juu ya mwili. Baridi ya sakafu ya saruji au ya udongo hunyonya joto usiku kucha, na blanketi la tatu juu yako halitasaidia kama chini una turubai tupu. Beba mkeka wa sponji. Nguo za kulalia ziwe seti moja kavu isiyoguswa mchana, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa: soksi za sufi, suruali nyepesi ya ndani, fulana ya mikono mirefu, kofia. Hata asubuhi, hata kama nguo za kutembelea bado zimelowa na zinachukiza kuvaa, vaa hizohizo zilizolowa na uirudishe seti kavu mfukoni. Ni adhabu ya dakika kumi, ukishaanza kutembea inaisha.

Vingine nitavitaja haraka: tochi ya kichwani na betri za akiba, betri ya kuchajia simu, kamba ya mita kumi ya kuanikia, kandambili, filimbi, sindano na uzi, karatasi ya chooni, na mifuko ya kurudishia taka zako mjini.

Hatua ya sita: Kufika na kukaa

Ukifika, salimia kwanza. Mzee aliyeketi barazani anapewa shikamoo kabla ya kuulizwa ufunguo uko wapi, na ukiwa Ukinga, Ubena au Uhehe, kamwene moja, salamu ya huko, kutoka kinywani mwa mgeni hufungua mazungumzo kuliko noti. Vua viatu vyenye matope mlangoni. Kisha kagua chumba kungali na mwanga. Weka mgongo wa kiganja juu ya blanketi: likiwa la baridi ya kawaida litapata joto haraka, likiwa na unyevu litaendelea kuwa baridi hata baada ya dakika nzima, na hilo lirudishe au liweke nje ya mlango. Inua godoro kwenye pembe zake, angalia mishono. Vidoti vyeusi vidogo ni alama ya kunguni. Kwenye sakafu ya udongo tembea na kandambili, kwa sababu ya funza. Chakula chote kining'inize kwenye kamba katikati ya chumba, mbali na ukuta, maana panya wa milimani hutoboa begi zuri kwa ajili ya karanga chache.

Sasa jambo ambalo nalitilia mkazo kuliko yote yaliyomo humu. Jioni inapoingia na baridi inapobana, mama mwenye nyumba, kwa wema wake, atakuletea jiko la mkaa mwekundu na kuliweka katikati ya chumba. Chumba kitapata joto, mlango utafungwa, dirisha litazibwa na kipande cha boksi, na mtalala. Kila kipupwe mikoa yetu ya baridi hupata habari za watu walioamkia mauti kwa namna hiyo. Mkaa unaoungua penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mkaa ukishakuwa mwekundu hautoi moshi, na ndiyo maana watu huuamini. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani zilezile ambazo mpanda mlima angezisingizia safari ya mchana, kisha usingizi humchukua kabla hajazitafakari.

Kwa hiyo jiko halilali chumbani. Mwambie mwenyeji kwa adabu, "Asante sana mama, tutaota hapa barazani kisha tuingie kulala." Hawezi kukasirika. Kabla ya kulala jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, ivishe soksi na uiweke miguuni. Itakaa na joto hadi usiku wa manane. Ndani ya hema katazo ni lilelile, na linahusu pia jiko la gesi na la mafuta ya taa: pika nje, hata mvua ikinyesha, chini ya turubai lililo wazi pande zote. Mtu akikutwa amelegea ndani ya chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali hata kama ameanza kuongea vizuri.

Katika banda linalotumiwa na makundi zaidi ya moja, adabu ni ileile ya bweni la shule. Aliyefika kwanza anachagua kitanda lakini hatandazi mizigo kwenye vitanda vingine. Saa tatu usiku sauti zinashuka. Anayeondoka alfajiri anafunga begi lake jioni na kuvaa barazani. Muziki wa simu uachie mjini.

Hatua ya saba: Maji na chakula

Kijito cha mlimani kinaweza kuonekana safi na juu yake kukawa na zizi. Chemsha. Kwenye mita 2,600 maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu nzima kabla ya kuyaipua. Ukitumia vidonge vya klorini fuata maelezo ya pakiti na ongeza muda wa kusubiri, kwa kuwa dawa hufanya kazi polepole kwenye maji ya baridi. Maji yenye udongo yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Kimo hichohicho ndicho kinachofanya maharage yakatae kuiva. Usibebe maharage mabichi kwa safari ya siku nne. Utamaliza mafuta yote na bado yatakuwa magumu. Beba yaliyokwisha kuchemshwa kwa usiku wa kwanza, na baada ya hapo tegemea vitu vinavyoiva upesi: ugali, dagaa, mayai, tambi, uji wa mahindi au ulezi wenye karanga zilizosagwa. Viazi vya Uporoto vikatwe vipande vidogo. Kwa njiani hakuna kinachoshinda viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, karanga, ndizi, na parachichi la Rungwe ambalo hulibebi likiwa limeiva. Chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha ni chakula kamili saa kumi jioni.

Ndani ya hifadhi usiwashe moto wa kuni, hasa miezi ya ukame ambapo cheche moja huteketeza nyasi za kilima kizima. Jiko dogo la gesi au la mafuta ya taa linatosha. Wala usichimbe okidi. Viazi vyake huchimbwa na kuuzwa kwa chakula nje ya nchi, na biashara hiyo imekwisha kuziumiza vya kutosha.

Neno moja kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi. Iringa na Njombe mianzi hugemwa wakati wa mvua, na mwenyeji atakukaribisha kikombe. Kionje baada ya kufika, kavu, umekula. Usikinywe njiani wala usikitumie kama dawa ya baridi, kwa sababu pombe hupanua mishipa ya ngozi, mwili ukahisi joto huku joto lenyewe likitoka.

Hatua ya nane: Baridi inapomshinda mtu

Mvua, upepo na uchovu vikikutana, mtu anaweza kupoteza joto la mwili hata pasipo barafu. Anza kuwa na wasiwasi pale mwenzako anapotetemeka bila kuweza kujizuia, anapojikwaa penye njia nzuri, anapojibu kwa ulimi mzito au anaposema hataki kitu ila kukaa. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imezidi. Msimamishe mahali pasipo upepo, mvue nguo zilizolowa zote, mvalishe ile seti kavu, mweke kwenye begi la kulalia juu ya sponji, na mwingine alale naye ubavuni. Kama ana fahamu na anameza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, usimweke karibu na moto mkali. Kisha shuka, kila mita 1,000 za kushuka huongeza nyuzi joto sita hivi.

Namba za dharura ni 112 ya polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lakini mabonde mengi hayana mtandao. Ulinzi wa kweli ni mtu aliyebaki mjini mwenye karatasi ya malazi yako yote, aliyekubaliana nawe saa ya kupigiwa kila jioni au kila baada ya siku mbili, na anayejua ni ofisi ipi aipigie ikiwa saa hiyo imepita hadi kesho yake asubuhi.

Hatua ya tisa: Nyumbani kwa mwenyeji

Kulala kwa mwenyeji hakupangiwi bei kama gesti, na hapo wengi hupata kigugumizi. Mwulize kiongozi wako wa njia, faragha, kiasi ambacho wengine hutoa. Mpe mwenye nyumba asubuhi, kwa mikono miwili, ukisema ni ya sabuni au ya watoto. Usiiache chini ya mto. Sukari kilo moja, majani ya chai na mafuta ya kupikia ni zawadi zinazopokelewa kila mahali, na zinafaa hasa ukizitoa jioni ulipofika, kwa kuwa zitapikiwa chakula hichohicho cha usiku huo. Wapagazi na kiongozi hakikisha wana pa kulala na blanketi kabla ya wewe kuchagua chumba. Kijana aliyebeba begi lako la kilo kumi na tano na akalala jikoni bila godoro hawezi kuwa makini kesho kwenye miamba.

Ukihitaji maji ya kuoga, uliza kabla ya giza. Ndoo moja ya maji ya moto ni kuni za mtu, na mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo aliyezibeba kutoka msituni. Mkiwa sita, gawaneni ndoo mbili.

Hatua ya kumi: Kuondoka

Asubuhi ya Juni jua huchomoza karibu saa moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuwaamsha wenyeji saa kumi usiku. Kung'uta mablanketi, yakunje, fagia chumba, hesabu vigingi vya hema, kusanya taka zako na zile ulizozikuta kama zinabebeka. Saini kutoka kwenye daftari la hifadhi au la kijiji. Jina lililoingia bila kutoka huweza kuwatoa askari usiku kukutafuta wakati wewe umeshafika ufuoni unakula samaki aina ya mbasa.

Matema, tandaza hema na begi la kulalia juani mchana mzima kabla ya kuvikunja, kwani hema lililofungwa na unyevu huota ukungu ndani ya siku chache. Mpigie yule uliyemwachia karatasi. Kisha uliza jioni ileile muda wa gari la Ipinda na Kyela la kesho, na mwombe konda akushikie kiti cha mbele kama magoti yamevimba.